Kazi iliyonunuliwa hulipiwa na sote

Majuma machache yaliyopita nilipokea ujumbe kwenye simu yangu ukinialika kuchanga fedha. Hilo si jambo geni kwa Mkenya. Tumezoea kumchangia mgonjwa aliyezuiliwa hospitalini kwa ajili ya bili asiyoiweza, mwanafunzi aliyeitwa chuoni akakosa karo, na hata marehemu ambaye mwili wake umekwama mochari. Mchango huu, hata hivyo, ulikuwa wa aina yake. Aliyeniandikia ni mtu niliyesoma naye tangu shule ya msingi, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya maneno machache tu: kumtafutia kijana wake nafasi ya kazi serikalini.

Msomaji wa nchi hii hahitaji kamusi ili aelewe maana ya maneno hayo. Kijana mwenyewe amehitimu, vyeti anavyo na afya anayo. Kinachotafutwa si nafasi bali ni bei ya nafasi. Jamaa na marafiki wanaombwa wakutane, waanze kwa sala, kisha wachange hongo kwa njia ya harambee, kana kwamba wanajenga zahanati.

Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu nisijue la kujibu. Mwandishi wa ujumbe huo naye aliingia kazini kwa mlango huo huo, na mimi ni mmoja wa watu waliolipa sehemu ya deni lake. Kisa chenyewe ni hiki.

Tulipomaliza shule, baba yake, Mungu amrehemu, aliuza ng'ombe wawili wa maziwa na kipande cha shamba ili mwanawe apate ukarani katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyeona haya. Wazee walimsifu mzee yule kwa kuwa mzazi anayejali. Miaka kadhaa baadaye nilifika katika ofisi hiyo kutafuta hati niliyostahili kupewa kwa ada ya kawaida. Nikamkuta rafiki yangu dirishani. Alinipokea kwa furaha, tukajuliana hali za nyumbani, kisha akaniambia kwamba faili yangu haionekani. Nilirudi siku ya pili, bado haikuonekana. Siku ya tatu alinitoa nje hadi chini ya mti, akanena kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, usinione mbaya. Mshahara wangu unaujua. Mzee bado ananiuliza nitamrudishia lini ng'ombe wake, na mkubwa wangu naye kila Ijumaa anataka chake. Nikikuachia wewe bure, yeye nitamwambia nini?"

Nakiri mbele ya msomaji kwamba nililipa. Faili ilionekana mchana ule ule.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba tunapouzungumzia ufisadi huanzia mahali pasipofaa. Huhesabu mabilioni yaliyoporwa na wakubwa, na ni haki yetu kuyahesabu. Lakini husahau kuutazama mlango wa kuingilia kazini. Mtu akinunua kazi, haingii ofisini kama mtumishi wa umma, bali huingia kama mdeni. Deni hilo halimo katika vitabu vya benki yoyote, wala halina hati, ilhali lina wadai wakali kuliko benki: baba aliyeuza shamba, shangazi aliyekopa katika chama cha akina mama, na mkubwa aliyeiuza nafasi na ambaye bado ana uwezo wa kuinyakua. Mdeni huyo atalitoa wapi la kulipa, kama si kwa mwananchi anayesimama mbele ya dirisha lake?

Huenda akatokea wa kusema kwamba nimechukua kisa cha mtu mmoja nikakifanya cha taifa zima. Kwa hivyo nitaliacha dirisha la rafiki yangu nigeukie jambo ambalo limefika mbele ya mahakama, tume na majopo, nalo ni ajira ya polisi. Silichagui kwa kuwachukia polisi. Nalichagua kwa sababu hakuna kazi nyingine ya umma ambayo maovu yake na mateso ya wanaoifanya yamechunguzwa na kuandikiwa ripoti kama hii.

Julai 2014 vijana walifurika katika viwanja vya nchi nzima kushindania nafasi 10,000 za polisi. Kila aliyewahi kulishuhudia zoezi hilo analijua lilivyo: vijana hupimwa urefu, hukaguliwa meno na nyayo, hukimbizwa juani hadi wengine wakaanguka. Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, ijulikanayo kwa herufi IPOA, ilituma waangalizi wake viwanjani, na yale waliyoyaona yakaifanya iende mahakamani. Oktoba mwaka huo, Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu aliufuta usajili wote kwa kuwa uligubikwa na ufisadi na ukiukaji wa taratibu. Serikali ilikata rufaa, na Mei 2015 Mahakama ya Rufaa nayo ikaushikilia uamuzi huo.

Katikati ya tarehe hizo mbili yalitukia maafa ambayo taifa halitayasahau. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walikivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wale makurutu 10,000 waripoti vyuoni kwa mafunzo, akisema nchi inateseka kwa uhaba wa polisi. Msomaji na autafakari mkasa huo. Nchi ilikuwa na haja kubwa ya walinzi, vijana wenye nguvu walikuwepo kwa maelfu, na bado haikuweza kuwatumia kwa sababu mlango walioingilia ulikuwa umechafuliwa. Hapo kuna wawili waliodhulumiwa: kijana maskini aliyekimbia akashinda kisha akarudishwa nyumbani kwa kukosa kitu kidogo, na kijana mwingine aliyeshinda kwa haki lakini jina lake likafutwa pamoja na ya walionunua. Mvua ya ufisadi haimchagui wa kumlowesha.

Baada ya kuingia, deni huanza kulipwa. Desemba 2013 Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi, chini ya mwenyekiti wake Johnston Kavuludi, ilianza kuwapiga msasa maafisa mmoja baada ya mwingine. Walitakiwa kueleza mali yao, akaunti zao za benki na hata taarifa zao za M-Pesa. Ilipofika zamu ya maafisa wa trafiki, wananchi waliona na kusikia ajabu. Afisa wa cheo cha chini alikuwa akituma fedha kwa mkubwa wake mara kwa mara, kama mpangaji anavyompelekea mwenye nyumba kodi. Wako walioeleza, wako waliobabaika, na wako walioamua kuiacha kazi kuliko kuhojiwa. Kile ambacho rafiki yangu aliniambia chini ya mti, kwamba kila Ijumaa mkubwa anataka chake, kilikuwa sasa kinasomwa hadharani.

Fedha hizo zilitoka wapi? Hazikutoka mfukoni mwa afisa, kwa maana mshahara wake usingetosha. Zilitoka kwa dereva wa matatu, na dereva alizitoa kwa abiria. Mama anayeuza sukumawiki, anapopandishiwa nauli asubuhi, hajui kwamba amechangia ada ya kituo cha mtu asiyemfahamu. Dereva aliyekwisha kulipa vizuizi vitatu hulazimika kuifidia hasara kwa kujaza watu kupita kiasi na kukimbia kupita kiasi, na hakuna wa kumzuia maadamu amekwisha kulipia ruhusa. Sisemi kwamba kila ajali chanzo chake ni hongo. Barabara mbovu na uchovu navyo vina sehemu yao. Lakini nchi hii huzika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na si siri kwamba baadhi ya magari yaliyowaua yalipita mbele ya sare kabla ya kuanguka. Shirika la Transparency International tawi la Kenya, katika uchunguzi wake wa kwanza kuhusu hongo mijini, uliochapishwa mwaka 2002, liliwaweka polisi mbele ya wote, na kueleza kwamba mkazi wa mjini hutoa hongo 16 kwa mwezi kwa wastani. Tafiti nyingi zilizofuata zimewarudisha polisi mahali pale pale.

Hadi hapa msomaji ataafikiana nami bila shida, kwa sababu sote tumewahi kusimamishwa barabarani. Sasa namwomba avuke upande wa pili wa kizuizi, amtazame yule aliyevaa sare.

Kwa miaka mingi askari wa Kenya ameishi katika vibanda vya mabati vya mviringo, ambavyo mchana ni tanuri na usiku ni barafu. Familia mbili hugawana chumba kimoja kwa pazia, watoto wa huku wakisikia kila lisemwalo na wazazi wa kule. Jopo la jaji mstaafu Philip Ransley liliyaeleza hayo mwaka 2009. Mwaka 2018 serikali iliagiza maafisa wapewe marupurupu ya nyumba ili waishi mitaani miongoni mwa raia, lakini wengi walilalamika kwamba kodi za miji mikubwa ziliyazidi marupurupu hayo. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoteuliwa Desemba 2022, lilipowasilisha ripoti yake Novemba 2023, lilikuta makazi duni, vifaa haba, na ajira, uhamisho na vyeo vinavyotegemea hongo na ujamaa. Miaka 14 ilikuwa imepita kati ya ripoti hizo mbili, na ugonjwa ulikuwa ni ule ule.

Mfanyakazi wa kawaida akionewa hivyo ana chama cha kumtetea. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya malipo ya haki, mazingira mazuri ya kazi, na kujiunga na chama cha wafanyakazi. Lakini kifungu cha 24 huruhusu sheria iziwekee haki hizo mipaka kwa wanajeshi na polisi. Ipo hekima katika mpaka huo, kwani hakuna nchi inayotaka walinzi wake wagome wakati wa vita. Hata hivyo, mtu aliyenyimwa sauti yake anastahili kupewa taasisi ya kusema kwa niaba yake. Taasisi hiyo ikiwa ndiyo sokoni pa vyeo, atamlilia nani? Atahamishwa hadi mahali pa hatari kwa kukosa cha kumpa mkubwa, na atasubiri kupandishwa cheo mpaka nywele ziingie mvi.

Matokeo yake tunayasoma magazetini kila mara: afisa aliyewafyatulia risasi wenzake, au mkewe, kisha akajigeuzia bunduki. Husoma kichwa cha habari, husikitika, hufungua ukurasa wa michezo. Hatuulizi mtu huyo alikuwa ameishi vipi miaka kumi kabla ya siku hiyo. Na hebu tukumbuke kwamba hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kuwa kinyume cha Katiba, kujaribu kujitoa uhai lilikuwa kosa la jinai nchini. Askari aliyelemewa na huzuni angeitoa siri yake kwa nani, ilhali waliotakiwa kumkamata ni wenzake wa zamu moja? Mtu mwenye moyo uliojeruhiwa namna hiyo ndiye tunayemkabidhi bunduki, kisha tukashangaa anapompiga raia.

Ufisadi mkubwa nao huja kuutilia nguvu huu mdogo. Katika kashfa ya Anglo Leasing, iliyofichuka mwaka 2004, mojawapo ya mikataba iliyotiliwa shaka ilihusu maabara ya uchunguzi wa jinai kwa ajili ya polisi. Fedha zilitengwa kwa jina la maabara, na maabara haikuonekana. Ile ya Idara ya Upelelezi ilifunguliwa mwaka 2022. Katikati hapo kulikuwa na wapelelezi waliotakiwa kuthibitisha mauaji na wizi bila vifaa vya kuchunguza damu wala alama. Mpelelezi asiye na maabara atapata wapi ushahidi? Wengine waliutafuta kwa subira na akili, nao wapewe heshima yao. Wengine waliutafuta kwa rungu. Hivyo fedha iliyopotea katika ofisi yenye zulia iligeuka kuwa kilio ndani ya seli, na aliyeitia mfukoni hakukisikia.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya haya yote ni mshahara. Jopo la Maraga lilipendekeza maafisa wa vyeo vya chini waongezwe mshahara kwa asilimia 40, na serikali ikaahidi kutekeleza nyongeza kwa awamu kuanzia Julai 2024. Naiunga mkono nyongeza hiyo kwa moyo mkunjufu, kwani hakuna haki katika kumtaka mwenye njaa akilinde chakula cha wengine. Lakini nawatahadharisha wanaodhani kwamba itatosha peke yake. Maadamu mlango unauzwa, mshahara ukipanda na bei ya mlango hupanda. Kijana aliyekuwa akiuza ng'ombe wawili atauza watatu, na ile nyongeza tuliyompa mfanyakazi itaishia mikononi mwa aliyemuuzia kazi. Aidha, tumewaona viongozi wanaolipwa vinono wakiiba kuliko maskini. Njaa huweza kumfanya mtu aibe mkate, lakini si njaa inayomfanya aibe ghala.

Tiba, kwa maoni yangu, inapasa kuanzia pale pale ugonjwa unapoanzia. Kwanza, kila zoezi la ajira ya umma lifungwe kwa kusomwa hadharani, siku ile ile na mahali pale pale, majina ya waliofaulu pamoja na alama walizopata, ili aliyekimbia wa kwanza ajue sababu ya kuachwa. Orodha inayopikwa usiku ndiyo inayouzwa. Pili, uhamisho na vyeo vifuate muda na sifa zilizoandikwa, si hisani ya mkubwa. Tatu, Sheria ya Hongo ya 2016 humwadhibu anayetoa sawa na anayepokea, jambo ambalo ni haki. Hata hivyo, mzazi maskini aliyelipa akajuta huogopa kusema kwa kuwa atajitia kitanzi mwenyewe. Anayejitokeza mapema na kumtaja muuzaji apewe kinga ya kweli, ama sivyo tutaendelea kuwafunga samaki wadogo na kuwaacha mamba. Nne, huduma ya ushauri na tiba ya akili kwa polisi iwe nje ya mamlaka ya mkubwa wa kituo, ili anayeitafuta asiandikwe kuwa dhaifu.

Tano inatuhusu sisi tusio na vyeo. Hakuna sheria itakayofaulu katika nchi ambayo wazee huibariki hongo na majirani huichangia. Tunamwita mwizi yule anayepokea, na tunamwita mzazi mwema yule anayetoa, ilhali mkono mmoja haulei mwana wala haukamilishi hongo.

Narudi kwa rafiki yangu. Yeye hakuufaidi ule ununuzi. Ofisi yake ilipokaguliwa alifutwa kazi bila malipo ya uzeeni, na mkubwa wake wa kila Ijumaa akahamishwa tu akapewa ofisi nyingine. Shamba la mzee halikurudi, wala ng'ombe. Alichobaki nacho ni shinikizo la damu na dawa asizozimudu kila mwezi. Nilidhani mtu kama huyo angekuwa wa kwanza kumzuia mwanawe asipite njia ile. Badala yake anataka kuuza robo ekari iliyosalia, na upungufu ujazwe na sisi.

Nilimpigia simu. Nilimweleza kwamba sitachanga, na kwamba niko tayari kumlipia kijana karo ya mwaka mmoja katika chuo cha ufundi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia: "Wewe una kazi, ndiyo maana una maadili. Mimi mwanangu ataajiriwa na maadili yako?" Akakata simu.

Sikuwa na jibu la haraka, na sidai kwamba ninalo leo. Swali lake ni la haki, na halikuulizwa mimi peke yangu. Limeulizwa kila mwenye mamlaka ya kuajiri katika nchi hii, na kila mmoja wetu aliyewahi kulipa ili faili ionekane. Tukikosa kulijibu, robo ekari ile itauzwa, kijana atavaa joho la ofisi akiwa mdeni, na siku moja mwanangu au mwanao, msomaji, atasimama mbele ya dirisha lake aambiwe arudi kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu uko mlangoni.